Faiba si Plasta ya Kuficha Uozo



Jumapili iliyopita chama chetu kidogo cha akiba kilikutana hapa Nengo. Tulikuwa watu 24: wengine wa kiwandani, wengine wachuma chai, madereva wawili na mlinzi mmoja wa usiku. Ajenda ilikuwa moja tu, nayo ni boti. Mwaka juzi tulitoa sehemu ya mishahara yetu tukanunua boti ya mbao, ili ibebe mizigo na kuvua sambaza, akiba yetu isilale bure. Sasa boti hiyo inavuja. Mbao mbili za chini zimeoza, na kila safari kijana mmoja hukaa na kopo akiteka maji na kuyamwaga nje, kwenda na kurudi.

Katika mkutano alikuja mfanyabiashara mmoja. Alisema ana pipa la resini na marobota ya faiba kwa bei ya chini sana. Tuipake boti yote kwa nje, akasema, na itakuwa mpya. Mikono mingi ilipanda juu kukubali. Maswali yote yaliyoulizwa yalikuwa ya bei: pipa ni kiasi gani, tutalipa kwa awamu ngapi. Kisha mama mmoja mchuma chai, ambaye hasemi sana mikutanoni, akasimama akauliza: "Ndugu zangu, huyo atakayeipaka hiyo dawa ni nani? Na watakaopanda hiyo boti ni akina nani?" Hakujibiwa. Mvua ilianza, mkutano ukaahirishwa hadi mwisho wa mwezi.

Mimi ni fundi wa matengenezo kiwandani, lakini kabla ya kurudi huku nilifanya kazi miaka mitatu katika karakana ya boti pwani ya Kenya. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika ukurasa huu nimjibu yule mama. Nasema mapema ninaposimama: tusinunue pipa lile, na tusiipake faiba boti yetu ya mbao. Faiba ni kitu kizuri kikichaguliwa vizuri. Lakini anayepaswa kuchagua si mwenye pipa, wala si mwenye fedha peke yake. Mwenye haki ya kwanza ya kuuliza ni yule atakayevuta hewa ya dawa hiyo na yule atakayekuwa katikati ya ziwa usiku.

FAIBA NI KITU GANI

Wengi wetu tunalitaja jina hili bila kujua kilichomo. Faiba ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zilizofumwa kama kitambaa au zilizobanwa pamoja kama blanketi. Peke yake haiwezi kuwa boti. Resini ni majimaji mazito kama asali. Peke yake huganda ikawa ngumu, lakini hupasuka kwa pigo moja. Zikiwekwa pamoja, tabaka juu ya tabaka, hupatikana kitu kigumu, chepesi, kisichooza wala kushika kutu.

Mfano wake ni zege. Nondo peke yake hupinda, saruji peke yake hupasuka, lakini nondo ndani ya zege hubeba ghorofa. Na kama ilivyo kwa ghorofa zinazoanguka, kosa mara nyingi si la zege. Kosa ni la mtu aliyepunja nondo, au aliyezidisha maji, au aliyenunua saruji iliyokwisha kuganda ndani ya mfuko.

Resini haikauki kwa upepo kama rangi. Hutiwa dawa ya kuigandisha, ambayo mafundi huiita hadina. Ikishachanganywa hupata joto lake yenyewe, huwa kama uji mzito, kisha huganda. Ikishaganda hairudi tena kuwa majimaji. Huwezi kuiyeyusha kama ndoo ya plastiki ukatengeneza kitu kingine. Kwa hiyo kosa la faiba halifutiki. Ubao mbovu unang'olewa ukawekwa mwingine, lakini tabaka bovu la faiba husagwa kwa msasa mpaka liishe, na vumbi lake anameza fundi.

Boti za namna hii zilianza kujengwa Marekani mnamo 1942, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikaenea duniani. Katika nchi zetu utaziona Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na kwenye maziwa. Januari 2024, huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alikabidhi kwa wavuvi boti za kisasa za faiba kwa njia ya mkopo. Basi mtu asiseme kwamba naipinga faiba kwa kuwa ni ngeni.

ZIWA LETU SI BAHARI

Kosa la kwanza katika mkutano wetu lilikuwa kudhani kwamba kinachofaa pwani kinafaa Kivu. Pwani mbao ina adui mkubwa, yaani wadudu wa baharini ambao huitoboa mpaka ikawa kama sega la nyuki. Ndiyo maana tangu zamani mafundi wa pwani hupaka vyombo vyao chokaa na shahamu, na ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya wengi wapende faiba. Kivu haina wadudu hao. Mbao zetu huoza hasa kwa maji ya mvua yanayolala ndani ya boti bila kutolewa, na kwa jua na mvua kupokezana. Boti yetu imeozea ndani, si nje. Kuipaka nje ni kumvisha mgonjwa wa tumbo koti jipya.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Watu hudhani maji ya chumvi ndiyo makali kwa faiba. Mafundi wa boti wanajua kinyume chake: maji yasiyo na chumvi ya bahari hupenya ndani ya resini kwa urahisi zaidi. Yakikuta ndani dawa ambayo haikuganda sawasawa, hufanya malengelenge chini ya ngozi ya boti, kama ya mtu aliyeungua. Ukilipasua lengelenge, hutoka majimaji yenye harufu ya siki. Basi sisi wa ziwani tunahitaji resini bora kuliko mtu wa baharini, wala si hafifu kuliko yake.

Jambo la tatu ni baridi. Ziwa letu liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Pwani nilizoea joto la nyuzi 30, na hadina kidogo tu iligandisha ndoo nzima kabla hatujamaliza kuipaka. Hapa Gisenyi usiku huweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi, na asubuhi kuna umande. Resini ya kawaida haipendi kufanyiwa kazi chini ya nyuzi 15. Huchelewa, hunata, na mara nyingine haimalizi kuganda kabisa. Fundi asiyejua huongeza hadina bila kipimo, na hapo ndipo anapoiharibu. Kipimo cha resini ya poliesta ni gramu 10 hadi 20 za hadina kwa kila kilo 1 ya resini. Chini ya hapo haigandi vizuri, na zaidi sana ya hapo inakuwa dhaifu. Kitu cha namna hii hupimwa kwa mizani au kikombe chenye alama. Hakikisiwi kwa kifuniko cha chupa.

AINA ZA RESINI

Yule mfanyabiashara alisema "resini" kana kwamba ni kitu kimoja, kama chumvi. Zipo aina nyingi, lakini mfanyakazi anapaswa kuzijua hizi.

Ya kwanza ni poliesta ya kawaida. Ndiyo ya bei ya chini na ndiyo iliyojaa madukani. Inafaa kwa matangi ya juu ya ardhi, paa, vibanda na kazi nyingine za nchi kavu, na boti nyingi zimejengwa nayo. Udhaifu wake ni kwamba inaruhusu maji kupenya zaidi kuliko nyingine.

Ya pili ni poliesta bora, ambayo katika karatasi za kiwanda huitwa aisofthaliki. Bei yake imezidi kidogo, lakini inastahimili maji zaidi. Kwa boti ya ziwani hii ndiyo iwe ya chini kabisa tunayoikubali, walau kwa tabaka za nje zinazogusa maji.

Ya tatu ni vinilesta. Hii ni imara zaidi mbele ya maji na malengelenge. Mafundi wenye busara huitumia kwa tabaka za kwanza za nje, kisha humalizia ndani kwa poliesta. Hivyo gharama haipandi sana.

Ya nne ni epoksi. Hii ndiyo inayoshika mbao kuliko zote, na ndiyo inayofaa kuungia mbao na kutengenezea sehemu zilizovunjika. Bei yake ni kubwa. Tena ina sheria yake: kipimo cha hadina ya epoksi kimewekwa na kiwanda, nacho hakibadilishwi. Ukiongeza hadina ili igande upesi, haiharakishi, unaiharibu tu.

Kuna jambo ambalo limewatia wengi hasara, nalo ni kuchanganya aina hizi bila kujua. Epoksi inaweza kupakwa juu ya poliesta iliyokwisha kuganda na kusagwa, nayo itashika. Lakini poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri. Tena mati ya kawaida, ile inayofanana na blanketi, imeshikizwa kwa gundi ambayo huyeyushwa na dawa iliyomo ndani ya poliesta. Epoksi haina dawa hiyo. Ukiweka mati hiyo kwa epoksi inabaki ngumu kama kadibodi, hailali kwenye kona wala hainywi resini sawasawa. Kwa epoksi nunueni kitambaa kilichofumwa.

Na faiba nayo ina aina. Mati hunywa resini nyingi, kiasi cha kilo 2 hadi 2 na nusu kwa kilo 1 ya mati. Inaziba maji vizuri na inafuata umbo. Kitambaa kizito kilichofumwa, ambacho mafundi hukiita rovingi, hunywa kiasi cha kilo 1 kwa kilo 1, nacho ndicho kinacholeta nguvu. Boti nzuri hupokezana tabaka la mati na tabaka la rovingi. Boti ya mati tupu ni nzito na huvunjika, na boti ya rovingi tupu huweza kuachana tabaka kwa tabaka. Mati ya gramu 450 kwa mita moja ya mraba hutoa unene wa milimita 1 hivi. Kwa hiyo mtu akikuambia boti yake ina unene wa milimita 6 kwa tabaka mbili za mati, mwambie akahesabu tena.

Sasa turudi kwenye pipa. Resini ina umri. Poliesta huhesabiwa kwa miezi tu, na ikikaa kwenye joto umri wake unapungua. Pipa la yule bwana halikuwa na tarehe. Kibandiko kilikuwa kimekwanguliwa. Hakuweza kusema ni ya aina gani, ilitoka kiwanda gani, wala imekaa wapi. Wazee walisema rahisi inavunja upishi. Resini iliyopita umri wake inaweza kuganda ndani ya pipa, au mbaya zaidi, ikaonekana nzuri, ikapakwa, kisha ikabaki laini ndani kama jibini. Mtu anunuapo dawa hospitalini huangalia tarehe. Hii nayo ni dawa, na wagonjwa wake ni abiria.

KWA NINI TUSIIPAKE BOTI YA MBAO

Mbao huishi. Hunywa maji ikavimba, hukauka ikanywea. Faiba haivimbi wala hainywei namna hiyo. Ukiipaka poliesta juu ya mbao yenye maji, vitu hivi viwili huvutana kila siku mpaka vinaachana. Maji huingia kwenye nafasi iliyobaki kati yao, wala hayatoki tena. Hapo mbao huoza upesi kuliko zamani, gizani, bila mtu kuona. Kwa nje boti inang'aa. Siku moja mguu unapita sakafuni.

Nimeona jambo hili kwa macho yangu pwani. Tuliletewa mashua iliyopakwa faiba miaka michache nyuma na fundi mwingine. Mwenyewe alilalamika kwamba imekuwa nzito. Tulipoikata upande mmoja, mbao zilitoka kwa kiganja, kama udongo wa bustani. Kilichokuwa kikibeba watu ni ganda tu. Faiba si plasta ya kuficha uozo.

Boti yetu ina mbao mbili mbovu kati ya zote. Zing'olewe, ziwekwe mpya zilizokauka vizuri. Viungo vitiwe kalafati upya. Mahali palipopasuka pashikizwe kwa epoksi ikiwezekana. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya pipa, na mafundi wa mbao wapo hapa hapa ziwani. Hawa ndio wanaojenga boti za sambaza zinazofungwa tatu tatu kwa miti ya mikaratusi na kwenda usiku na taa. Ni wafanyakazi kama sisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini aliyeambiwa azibe ufa hakuambiwa ajenge ukuta mwingine mbele yake.

TUKITENGENEZA BOTI YA FAIBA

Wapo wenzetu ambao boti zao ni za faiba tayari, nao wataniuliza namna ya kuzitengeneza. Nitasema kwa ufupi.

Kwanza, sehemu iliyovunjika ioshwe mafuta yote kabla ya kusagwa, maana ukisaga kwanza unayashindilia mafuta ndani. Pili, ikauke kabisa. Hiyo ni kazi ya siku nyingi, si ya saa moja. Tatu, kingo zisagwe kwa mteremko mrefu. Kanuni ya mafundi ni mara 12 ya unene: boti yenye unene wa milimita 5, saga milimita 60 kila upande wa tundu. Kiraka kinachowekwa juu ya tundu bila mteremko ni kama kiraka cha suruali kilichobandikwa kwa uji. Nne, kazi ifanywe wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, saa za mchana, chini ya paa lisilo na kuta.

Tena msitumie puti ya magari chini ya mstari wa maji. Nimewaona watu wakiziba tundu la boti kwa puti ile ya kunyoshea milango ya gari. Puti hiyo hunywa maji. Itang'oka, na haitachagua kung'oka ukiwa ufukweni.

FAIBA HUZAMA

Ndugu, hili ndilo jambo ambalo hakuna aliyelitaja mkutanoni, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Boti ya mbao ikijaa maji, mara nyingi huelea kwa sababu mbao yenyewe ni nyepesi kuliko maji. Watu huishika mpaka wenzao wafike. Faiba ni nzito kuliko maji. Boti ya faiba yenye injini ikijaa maji huenda chini kama jiwe, isipokuwa kama imejengewa vyumba vya hewa vilivyozibwa, au imejazwa povu gumu la kuelea chini ya viti na pembeni. Na Kivu lina kina kinachofika mita 485 hivi. Huko hapazamiwi kutafuta kitu.

Kwa hiyo mtu akija kutuuzia boti mpya ya faiba, swali la kwanza lisiwe rangi wala injini. Tumwulize: ikijaa maji mpaka juu, inaelea? Atuonyeshe. Aijaze maji kando ya ufuko, watu wasimame ndani yake, tuone. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Wala tusidhani kwamba chombo kizuri kinaondoa uzembe. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichoitwa MV Merdi, kilichotoka Minova, kilipinduka na kuzama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma. Wakati huo kilikuwa kimekaribia kutia nanga, na watu walikuwa wakitazama kutoka nchi kavu. Kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Wengi walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watu wanaotafuta riziki kama sisi, wachuuzi na akina mama wa sokoni. Hakuna resini inayoweza kuzuia hilo. Makoti ya kuokolea na idadi ya abiria ni sehemu ya boti kama ilivyo mkuku.

MAPAFU YA FUNDI

Sasa namjibu yule mama swali lake la kwanza: atakayepaka ni nani? Katika mkutano ilisemwa kwamba tutawaita vijana wawili wasio na kazi, tuwalipe kwa siku. Hao vijana ni watoto wetu.

Katika poliesta na vinilesta mna dawa inayoitwa stairini. Ndiyo yenye ile harufu kali. Humfanya mtu aumwe kichwa, aone kizunguzungu kama mlevi, na akiivuta kwa miaka huweza kudhuru mishipa ya fahamu, hata macho yakapungukiwa uwezo wa kutofautisha rangi. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani kwa binadamu.

Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Sisi wa Gisenyi na Goma hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hilo, maana tunayajua mazuku, ile hewa mbaya ya volkano inayolala kwenye mabonde na kuua mbuzi, na mara nyingine mtu, bila harufu wala onyo. Stairini nayo hulala chini namna hiyo. Kijana aliyepiga magoti ndani ya boti akipaka resini yumo ndani ya bonde lake. Tofauti ni kwamba stairini ina harufu, lakini pua huizoea, na mtu hudhani imekwisha.

Pwani tulifanya kazi katika banda lililofungwa ili vumbi lisiingie kwenye resini. Tulifunga vitambaa puani. Kitambaa huzuia vumbi kubwa tu. Mvuke hupita kama maji katika kapu. Kinachozuia ni kinyago chenye vikopo vya mkaa, na vikopo hivyo vina muda wake, hubadilishwa. Hatukupewa. Tuliambiwa tunywe maziwa. Mwenzangu mmoja alikuwa akimimina hadina, tone likamrukia jichoni. Hapakuwa na maji karibu. Bomba lilikuwa nje ya uzio. Hadina hiyo ya poliesta huunguza jicho, na inayookoa ni maji mengi, papo hapo, kwa dakika 15 au zaidi. Hadi leo jicho lile halioni. Alilipwa siku zake, akaambiwa apumzike nyumbani.

Epoksi nayo, ingawa haina harufu kali, huwapa wengine mzio wa ngozi, na mtu akishaupata hawezi kuigusa tena maisha yake yote. Kazi inakuwa imemwacha. Asetoni inayotumika kuoshea brashi ni moto mtupu, na isitumike kuoshea mikono. Resini iliyobaki ndani ya ndoo hupata joto mpaka ikatoa moshi, basi isiachwe karibu na kitu cha kuwaka. Tena kuna dawa ya kuharakisha iitwayo kobalti; ikikutana moja kwa moja na hadina, hulipuka. Ndiyo maana pipa lisilo na kibandiko halipaswi kufunguliwa na mtu yeyote.

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi kitu, na kwamba mtu anayeondoka mahali pa hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe kwa kuondoka. Tumezoea kuwasomea waajiri maneno haya. Lakini tukiwaita wale vijana wawili tuwalipe kwa siku, waajiri ni sisi. Haifai kudai glovu kiwandani Jumatatu, halafu Jumamosi tumtume kijana ndani ya boti na kitambaa puani kwa sababu fedha ni zetu.

NINALOPENDEKEZA

Mwisho wa mwezi nitasimama kutoa mapendekezo haya, na naomba mwenye hoja nyingine aje nayo.

Kwanza, pipa lisilo na tarehe wala jina tulikatae, hata likipunguzwa bei tena.

Pili, boti yetu itengenezwe kwa mbao, na fundi wa mbao alipwe malipo ya fundi.

Tatu, akiba inayobaki iwekwe kwa ajili ya boti ya faiba baadaye, iliyojengwa kwa resini inayojulikana, yenye vyumba vya kuelea, na ijaribiwe mbele yetu kabla ya kulipiwa.

Nne, siku yoyote tutakayofanya kazi ya resini, fedha ya vinyago, glovu, miwani na maji ya kuoshea macho itengwe kabla ya fedha ya resini. Ikiwa haitoshi kwa vyote viwili, kazi ingoje.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo haya yatatuchelewesha, na kwamba wakati tunapanga wengine wanavua. Ni kweli tutachelewa kidogo. Lakini boti hii ilinunuliwa kwa jasho la watu wanaoamka saa kumi za usiku kwenda kuchuma chai, na la watu wanaosimama mbele ya mashine saa nane mfululizo. Watakaoipanda ni hao hao na watoto wao. Yule mama aliuliza swali moja kwa sauti ndogo, nasi tulikuwa tukihesabu bei. Nimejaribu kumjibu. Siku ya mkutano naomba aulize tena, na safari hii tumsikilize kabla ya kupandisha mikono.